Kabla ya kutuletea kamera, tuulizeni tunataka kupiga picha za nini

Leo hatuandiki kuhusu foleni wala kuhusu mgao. Tunaandika kuhusu kamera. Kuna watakaosema: watu wanakosa sabuni, hawa vijana wanaongea kamera. Tulishaambiwa hivyo uso kwa uso, tena na mama zetu wenyewe. Lakini tumebishana miezi mitatu juu ya kamera moja, kikundi kikakaribia kuvunjika, na katikati ya mabishano yale picha yetu moja ikamletea mtu shida ambayo hatujaisahau. Kwa hiyo mtuvumilie.

Sisi tuko Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Hapa wakimbizi walianza kupokelewa mwishoni mwa miaka ya 1950, yaani kuna vijana humu ambao babu yao ndiye aliyefika na mzigo kichwani, wao wamezaliwa hapa hapa. Wengi wetu tumetoka Kivu, tuko na Warundi, tuko na Wanyarwanda, na Wasomali wawili ambao Kiswahili chao kinatushinda sisi. Tuko na ziwa. Na ikifika saa kumi jioni kila kipande cha ardhi kilicho sawa kidogo kina watu wanakimbiza mpira, uwe wa dukani au wa makaratasi na kamba. Ukituuliza tunapenda kupiga picha za nini, jibu ni hilo: jioni mpira, asubuhi ndege wa ziwani.

Sasa angalieni kamera zinazofika huku. Ya kwanza sisi kuishika ililetwa na shirika moja kwa mafunzo ya wiki mbili. Kamera nzuri, hatuidharau. Lenzi yake ilikuwa ile fupi inayokuja ndani ya boksi, ya milimita 18 mpaka 55. Tukafundishwa kupiga mama anachota maji, mzee anasimulia, mtoto anacheka. Mwalimu alikuwa anasema sogea, sogea tena, mpaka uone macho. Na kweli, ukisogea unapata. Lenzi ile imetengenezwa kwa mtu aliye hatua tatu mbele yako. Ndiyo kazi ya ripoti, na ripoti ndizo zinaleta pesa, hatukatai.

Mafunzo yalipoisha tukaomba kamera siku moja tuende nayo uwanjani. Yaani tulitoka na picha mia mbili za siafu. Wachezaji wadogo, mpira nukta, goli lenyewe linaonekana kama mlango wa banda la kuku. Tulikuwa tumesimama nyuma ya mstari, tungefanya nini? Huwezi kumwambia beki asimame kwanza usogee uone macho. Kesho yake asubuhi tukaenda ziwani. Kulikuwa na mdiria, yule mweupe na mweusi anayesimama hewani anapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Tukampiga picha. Ukiangalia ile picha utasema lenzi ilikuwa na uchafu.

Basi tukaanza kuuliza watu, kusoma kwenye simu usiku bando likiwa rahisi, kuangalia video za watu wanaofanya hiyo kazi. Na tulichokipata, tukikiweka kwa maneno machache, ni hiki: kwa mpira na kwa wanyama, lenzi ndiyo kamera. Ile sehemu nyingine yenye vitufe ni muhimu pia, lakini inakuja ya pili. Watu wote tuliowaona wakijuta walikuwa wamefanya kinyume, wamenunua mwili wa kamera mpya unaong'aa, pesa ikaisha, wakabaki na lenzi ya boksi.

Hesabu yake si ngumu. Milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta kilicho mbali. Kwenye kamera zenye sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya 50 inaona kama jicho linavyoona, basi ya 200 inavuta mara nne. Sasa kuna kamera za sensa ndogo zaidi, ambazo ndizo za bei ya watu kama sisi, na hizo zinakata pembeni ya picha. Kwenye Canon za aina hiyo unazidisha mara 1.6, kwenye Nikon mara 1.5. Kwa hiyo lenzi ya 200 ukiifunga kwenye Canon ya sensa ndogo inaona kama ya 320. Watu wa studio wanaidharau sensa ndogo. Kwa mtu aliyesimama kwenye kona ya uwanja hiyo ni zawadi, maana umbali wa 320 ungemgharimu pesa nyingine. Ndiyo maana tunawaambia wenzetu: mtu akikushawishi uuze mbuzi ununue sensa kubwa kwa ajili ya mpira, mwulize na lenzi atakununulia nani.

Na simu? Simu tunaipenda, picha nyingi za kikundi hiki ni za simu. Lakini nyingi za simu tulizo nazo hapa, ukivuta kwa vidole, zinakata tu kipande cha picha na kukikuza. Huongezi kitu. Kwa mtu aliye karibu, simu inatosha kabisa, acheni kununua kamera kwa ajili ya harusi za jirani.

Tuje kwenye yale mabishano. Kwenye sanduku la akiba la kikundi, pamoja na kilichobaki kwenye mashindano ya mwisho, tulikuwa na shilingi milioni mbili na laki tatu. Upande mmoja walitaka kamera mpya, hizi za kisasa zisizo na kioo cha ndani. Walikuwa na hoja. Hizo kamera zinatambua jicho la mchezaji na jicho la ndege zenyewe, zinalifuata hata kama anakimbia, na nyingine zinapiga picha nyingi ajabu kwa sekunde. Sony walitangaza moja mwaka 2023, a9 III, inayopiga 120 kwa sekunde. Mia na ishirini! Tulipoisoma hiyo mwenzetu mmoja aliuliza: sasa hizo picha utazichagua lini, na umeme wa nani? Kwa pesa yetu tungepata ya kisasa ya chini kabisa, na lenzi ya boksi. Tungerudi kwenye siafu, safari hii siafu waliofokasiwa vizuri.

Upande wa pili tulitaka ya zamani iliyotumika, DSLR, pesa kubwa iende kwenye lenzi. Hata huku hatukukubaliana haraka. Kulikuwa na waliopenda Canon 7D Mark II ya mwaka 2014, ambayo ilitengenezwa kwa mambo haya haya, picha 10 kwa sekunde na mwili mgumu. Wengine Nikon D500 ya 2016, ambayo mpaka leo watu wa ndege wanaisifu, lakini bei yake bado iko juu. Mwishowe tulichukua Canon 70D, ya 2013, iliyo dhaifu kuliko hizo mbili. Picha 7 kwa sekunde. Megapikseli 20.2. Kwa nini? Kwa sababu moja ambayo hakuna mwandishi wa majarida ya kamera angeiweka mbele: ina Wi-Fi ndani. Ile 7D Mark II haina. Sisi hatuna kompyuta. Kamera isiyoweza kutuma picha moja kwa moja kwenye simu, kwetu ni kama redio isiyo na spika. Mtu mwenye laptopu achague tofauti, hatutabishana naye.

Kuhusu megapikseli tutasema kidogo tu, maana hapo ndipo wauzaji wanapotuibia. Mwaka 2016 kule Rio, timu ya kwanza ya wakimbizi ilipoingia Olimpiki na wanamichezo kumi, wawili kati yao wakiwa wacheza judo waliotoka kwetu Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, kamera kubwa za michezo za mwaka ule zilikuwa Canon 1D X Mark II na Nikon D5. Ya kwanza megapikseli 20.2. Ya pili 20.8. Sawa kabisa na kamera yetu ya mtumba. Kwa hiyo muuzaji akikwambia 20 ni za zamani, mwambie asante, endelea kuangalia lenzi. Facebook yenyewe inaipunguza picha kabla hata mjomba wako hajaifungua.

Basi milioni na laki mbili ilienda kwenye lenzi ya Sigma, 70 mpaka 200, f/2.8, kuukuu, imekwaruzika nje lakini kioo chake safi. Laki tisa mwili wa kamera. Laki mbili betri ya pili, memori kadi mbili na mkoba. Tukarudi kambini tukiwa hatuna hata ya soda.

Hiyo f/2.8 ndiyo tunataka kuisemea zaidi, maana ndiyo tuliyoilipia. Mpira wa huku unaanza saa kumi, mara nyingi saa kumi na nusu kwa sababu refa amechelewa. Kipindi cha pili kinakuta jua linaanguka, na jua letu huku karibu na ikweta halina adabu, likisema naenda limeenda. Magoli mazuri yote yanafungwa saa kumi na mbili. Namba ya f inasema tundu la lenzi linafunguka kiasi gani. Ndogo ni kubwa, ndiyo, ni kinyume, mtazoea. Lenzi za bei rahisi ukizivuta mpaka mwisho zinabaki f/5.6. Tundu la f/2.8 linaingiza mwanga mara nne ya hilo. Maana yake uwanjani ni hii: mwanga ambao f/5.6 inakulazimisha kupiga kwa 1/250 ya sekunde, f/2.8 inakupa 1/1000. Kwa 1/250 mguu wa mpigaji unakuwa moshi. Kwa 1/1000 unaona kamba ya kiatu, unaona majani yaliyoruka, unaona mpira umebonyea. Ndege akiruka anataka zaidi, 1/2000 au karibu na hapo. Unaweza kupandisha ISO badala ya kufungua tundu, lakini kwa kamera ya umri wa yetu ukivuka 3200 picha inaanza kuwa na chengachenga kama unga wa mhogo.

Kuna jambo lingine ambalo f/2.8 inafanya, na hili hatukulisoma kwenye video yoyote.

Kabla hatujanunua, tulipiga picha fainali moja kwa simu na ile kamera ya kuazima yenye lenzi fupi. Tukaposti kumi na mbili. Mojawapo ilikuwa ya kona, mpira uko hewani, vichwa vinne vinaufuata, picha nzuri kwa kweli, watu walishea sana. Nyuma ya goli kulikuwa na watazamaji. Simu ina tabia hiyo, inaweka kila kitu wazi, aliye karibu na aliye mbali, nyuso zote safi kama kitambulisho. Siku ya tatu jioni mama mmoja wa upande wetu alikuja alipokuwa amekaa mwenzetu anayeshika ukurasa. Hakupiga kelele. Alitoa simu, akaonyesha ile picha, akaweka kidole kwenye uso wake mwenyewe, mstari wa pili, na kitenge cha njano. Akasema, huyu ni mimi, na mtu niliyemkimbia ameshaniona. Dada yake aliyebaki nyumbani alikuwa ametumiwa ile picha na ujumbe mfupi juu yake: kumbe yuko Uganda.

Tuliifuta usiku ule ule. Lakini ilishasheiwa na watu ambao hatuwajui, na kufuta kwetu hakukufuta kwao. Wiki ile ile yule mama alihama na watoto akaenda zoni nyingine. Ni ipi, hatujui. Hatukuuliza, na tungeuliza asingetuambia, na angefanya vizuri.

Tangu siku ile tunaangalia lenzi kwa jicho lingine. Ukifungua f/2.8 kwa milimita 200, ukamfokasi mchezaji aliye karibu nawe kuliko watazamaji, wale wa nyuma wanayeyuka. Wanakuwa rangi. Unaona kuna watu, unaona njano ya kitenge, huoni ni nani. Wapiga picha wa nchi za wenzetu wanalipenda hilo kwa ajili ya urembo. Sisi kwetu ni ulinzi. Tunalisema hili hasa kwa nyinyi mnaofanya kazi ya ulinzi wa wakimbizi mkiwa na fomu za ridhaa za kurasa mbili: mtu anayecheza amekubali kuangaliwa, watazamaji mia tatu hakuna aliyewapa fomu. Lenzi haimalizi kazi, mtu akiwa karibu na mchezaji bado anaonekana, kwa hiyo sasa kuna mwenzetu ambaye kazi yake ni kukagua nyuma ya kila picha kabla haijatoka, na kuzima ile sehemu ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa. Na hatumvuti mtu yeyote asiyecheza. Lenzi ndefu ukiielekeza kwenye mlango wa mtu aliye mbali, wewe si mpiga picha tena.

Turudi ziwani, maana kuna waliokuwa wanasubiri hapo.

Kwa wanyama tunakiri tulikosa. Milimita 200, hata ikiwa kama 320, kwa ndege ni fupi. Kuna kifaa cha kuongeza mara 1.4 kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, kinakupa 280, lakini f/2.8 inakuwa f/4, na hatuna pesa yake kwa sasa. Watu wa ndege wanatumia 400, 500, 600. Kuna zile za 150 mpaka 600 za Sigma na Tamron, zina karibu kilo mbili, na kuna Canon ya 400 f/5.6 ya tangu 1993, nyepesi, kilo moja na robo, haina kizuia mtikisiko lakini kwa ndege anayeruka huo mtikisiko unashindwa na kasi yako ya shata. Kama kikundi chenu ni cha ndege tu na hamna mpira, tuachieni 70-200 yetu, tafuteni hiyo 400 ya zamani. Asubuhi mwanga ni mwingi, f/5.6 inatosha.

Tunachofanya sisi ni kusubiri. Mdiria ana mti wake anaorudi, ukikaa chini ya mita chache kutoka hapo bila kusogea, nusu saa inapita, anakusahau. Anaposimama hewani ndiyo bahati yako, ndege wengi hawakupi hiyo sekunde. Korongo wenye taji la dhahabu kichwani ni rahisi zaidi kwa sababu ni wakubwa na wanakuja mashambani wenyewe. Ndugu zetu Wanyarwanda na Warundi wanamwita umusambi, Waganda wanamwita ngaali, na ndiye huyo kwenye bendera ya nchi iliyotupokea. Dunia nzima wanapungua. Huku kwetu tumewaona wawili wakicheza ngoma yao katikati ya mahindi yaliyovunwa, mama mwenye shamba anawaangalia na jembe begani, hajali, yeye anawaona kila siku. Hiyo ndiyo picha tunayoipenda kuliko zote tulizopiga, na kwa kweli ndege ni wadogo ndani yake.

Kiboko tunapiga kutoka mbali, na hapo ufupi wa lenzi usikushawishi. Usikae kati ya kiboko na maji. Usiende ufukweni giza likiwa bado, yeye ndiyo saa yake ya kutoka kula majani. Mvuvi mmoja aliyetupeleka kwa mtumbwi alituambia picha ya kiboko aliyefungua mdomo inauzwa ghali kwa sababu wengi waliopiga hawakurudi kuiuza. Alikuwa anatania, tunafikiri.

Na kuna mtu atasema, mbona picha kubwa ya wanyama wa kwetu haikuhitaji lenzi ndefu? Ni kweli. Mwaka 2007 Virunga, sokwe mkubwa wa mgongo wa fedha aliyeitwa Senkwekwe aliuawa, na Brent Stirton akapiga picha ya watu wengi wamembeba kwenye machela ya miti. Alikuwa hapo karibu nao, dunia nzima ikaiona. Baadhi yetu tulikuwa watoto wadogo upande ule. Hatusemi lenzi fupi haina kazi. Tunasema picha ile ilikuwa ya mnyama aliyekufa. Walio hai wanakaa mbali, na wana haki.

Sasa kuhusu kununua kitu kilichotumika, haraka haraka, maana wengi mtauliza. Tulinunua Kampala. Muulizeni muuzaji shata imepiga mara ngapi: 70D ilitengenezwa kwa kama laki moja, 7D Mark II na D500 laki mbili. Nikon inaandika namba hiyo ndani ya picha yenyewe, kwenye Canon unahitaji kompyuta na programu, kwa hiyo nendeni na mtu. Mulikeni lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, mkiona nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, rudisheni hata kama bei ni tamu. Pigeni picha anga jeupe kwa f/16, madoa yote ya sensa yatajitokeza. Halafu tokeni nje barabarani, pigeni bodaboda zinazokuja kwenu mfululizo. Sisi tulipiga kumi na nne, na tulikataa kamera ya kwanza kwa sababu ilikuwa inafokasi bango la nyuma badala ya dereva. Muuzaji alikasirika. Akasirike.

Na risiti. Risiti yenye namba ya kamera na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mkimbizi. Mwenyeji akishikwa na kamera isiyo na risiti anaitwa aeleze. Wewe utalala ndani kwanza, maelezo kesho.

Umeme wetu ni sola ya kinyozi, shilingi elfu moja kwa betri. Hapa ndipo DSLR kuukuu ilituokoa, kwa sababu ukiangalia kwenye tundu la kioo badala ya skrini betri inakaa sana, mechi mbili tunazipiga bila kubadilisha. Zile za kisasa zinawasha skrini ndogo muda wote na zinakula zaidi. Tukimaliza, kamera inalala ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu. Wauza viatu wa sokoni wanatuwekea. Wanadhani tunafanya dawa.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, maneno yetu ni machache na hatuyasemi kwa hasira. Mnapotuletea kamera, kwa kawaida mnaleta ile inayoona uso wa mtu aliyesogelewa. Mnatufundisha kujipiga picha kama nyinyi mnavyotupiga. Kuna wachezaji hapa wanaoruka kwa kichwa mpaka unasikia watu wanashika pumzi, kuna mabinti wa timu ya wanawake ambao picha zao za kwanza za kucheza ni hizi zetu za lenzi iliyokwaruzika, na mmoja ameichapisha akaibandika juu ya kitanda. Pesa ileile mliyotumia kununua kamera tatu za boksi ingenunua moja ya mtumba na lenzi moja ya maana. Mnasema vifaa vya mtumba haviruhusiwi kwenye taratibu za manunuzi. Tunaelewa. Basi nunueni lenzi mpya, mwili wa kamera tutautafuta wenyewe.

Mwezi ujao kuna shirika limetuahidi kamera ya pili. Fomu yao ina nafasi ya idadi ya vijana watakaonufaika, wa kike wangapi, wa kiume wangapi, wenye ulemavu wangapi. Tumejaza yote. Hakukuwa na nafasi ya kuandika tunataka kupiga picha za nini, kwa hiyo tumeandika pembeni kwa kalamu, tukapigia mstari mara mbili: ndege, milimita 400.